Deki ya Kaseti ya Zamani: Namna ya Kuichagua, Kuifungua na Kuifufua

Deki za kaseti zilizotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ni miongoni mwa mashine za sauti ambazo mtu mwenye mikono mitulivu na vifaa vichache vya mezani anaweza kuzifungua, akazielewa, na akazirudisha katika hali inayokaribia ile ziliyotoka nayo kiwandani. Karibu kila kitu muhimu ndani yake huonekana kwa macho: mota, puli, mikanda, gia, springi na hedi, yaani vichwa vya sumaku vinavyosoma, kurekodi na kufuta sauti kwenye utepe. Ukiizungusha puli kwa kidole unaona kinachofuata, na kikikwama unaona kilipokwama.

Anayeuliza kwa nini asinunue mpya anastahili jibu la wazi. Mashine nyingi za kaseti zinazotengenezwa sasa hutumia aina moja tu ya mtambo mwepesi wa bei nafuu, hazina mfumo wa Dolby wa kupunguza mvumo wa utepe, na mwendo wake huyumba kiasi cha sikio kusikia. Kaseti ilipozinduliwa na Philips mjini Berlin mwaka 1963, ilikusudiwa zaidi kurekodi maneno kuliko muziki. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 tu na husogea kwa mwendo wa sentimeta 4.76 kwa sekunde. Kuupata muziki wa kuridhisha kutoka kwenye utepe mwembamba na wa polepole namna hiyo kuliwataka wahandisi wafanye kazi ya usahihi wa hali ya juu, na deki kama Nakamichi 1000 ya mwaka 1973, yenye hedi tatu, zilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Usahihi huo ndio unaoununua unaponunua deki nzuri ya zamani, na ndio unaopaswa kuulinda unapoitengeneza.

Kanuni ninayoisimamia katika mwongozo huu wote ni moja: mitambo kwanza, saketi baadaye, marekebisho mwisho kabisa. Deki nyingi zilizoharibika zisitengenezeke hazikuuawa na umri. Ziliuawa na mtu aliyesikia sauti hafifu, akachukua bisibisi, akaanza kuzungusha kila skrubu ya marekebisho aliyoiona, ilhali tatizo lilikuwa uchafu kwenye hedi au mkanda uliolegea.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Usichague kwa taa wala kwa wingi wa vitufe. Angalia mtambo na hedi. Deki ya kaseti moja kwa kawaida ni bora kuliko ya kaseti mbili ya bei ileile, kwa sababu katika zile za kaseti mbili gharama iligawanywa kwa mitambo miwili. Deki inayojigeuza yenyewe upande wa pili ina urahisi wake, lakini hedi yake hulazimika kukaa katika pembe sahihi kwa pande mbili badala ya mmoja, na sehemu zake ndogo zinazohama ni nyingi zaidi. Kwa mashine ya kwanza ya kujifunzia, ningeziepuka zote mbili.

Deki yenye hedi mbili hutumia hedi moja kurekodi na kusoma, na nyingine kufuta. Yenye hedi tatu hutenganisha kurekodi na kusoma, hivyo unaweza kusikia kilichoandikwa kwenye utepe papo hapo wakati kurekodi kunaendelea, na kulinganisha na sauti ya asili. Hilo ni jambo kubwa kwa anayetaka kurekodi. Kwa anayetaka kusikiliza tu, deki nzuri ya hedi mbili inatosha kabisa na ina mambo machache ya kuharibika.

Kuhusu Dolby, aina ya B ndiyo iliyotumika kwenye kaseti nyingi zilizouzwa zikiwa na muziki, kwa hiyo ichukulie kuwa ya lazima. Aina ya C na ya S ni nyongeza nzuri kwa rekodi zako mwenyewe. Ukiona maneno HX Pro, fahamu kwamba huo si mfumo wa kupunguza mvumo. Hufanya kazi wakati wa kurekodi tu, na kaseti iliyorekodiwa kwa msaada wake husomwa vizuri na deki yoyote.

Hedi nazo hazizeeki sawa. Zile za Akai zenye alama ya GX, zilizoundwa kwa ferite na kioo, huchakaa polepole sana, kiasi kwamba deki iliyotumika kwa miaka mingi inaweza kuwa na hedi inayong'aa kama mpya. Hedi za metali laini zaidi hulika, na hedi iliyolika ndiyo kasoro ambayo msomaji wa mwongozo huu hawezi kuitengeneza mezani kwake.

Hatua ya pili: ikague kabla ya kulipa

Kama unanunua kwa picha, omba picha ya karibu ya hedi na ya rola ya mpira inayoubana utepe, picha ya nyuma inayoonyesha kiwango cha umeme, na maelezo ya wazi ya kile ambacho mashine inafanya na kile isichofanya. Muuzaji anayesema hajaijaribu, ichukulie mashine yake kuwa ni mbovu na mpe bei ya mashine mbovu. Si kwamba anadanganya. Ni kwamba deki iliyokaa miaka 20 bila kutumiwa huwa mbovu hata kama siku ya mwisho ilipozimwa ilikuwa nzima, kwa kuwa mpira wa mikanda huharibika ukiwa umetulia.

Kiwango cha umeme kinahitaji uangalifu wa pekee. Deki zilizouzwa Japani ni za volti 100, za Marekani ni za volti 120, na kwingine kwingi ni volti 220 hadi 240. Baadhi zina swichi nyuma ya kuchagua kiwango, na nyingine huhitaji transfoma ya kupunguza. Hata hivyo, kuna deki za miaka ya 1970 zenye mota za AC ambazo mwendo wake hufuata masafa ya umeme wa nyumbani. Iliyoundwa kwa Hz 60 ikichomekwa kwenye umeme wa Hz 50 itakwenda polepole kwa takriban asilimia 17, na transfoma haiondoi tatizo hilo; huhitaji puli ya kipimo kingine.

Kama unaweza kuiona mashine ana kwa ana, nenda na kaseti mbili: moja yenye muziki wa piano, na nyingine tupu ambayo huna uchungu nayo. Piano ni hakimu mkali. Nota yake ndefu, inapofifia taratibu, haina mahali pa kuficha kuyumba kwa mwendo; ukisikia sauti inapanda na kushuka kana kwamba mpigaji anatetemeka, basi mkanda, rola au beringi ina kasoro. Kaseti tupu itumie kurekodi dakika moja kwa kila upande wa stirio, kisha uisikilize. Peleka utepe mbele na nyuma hadi mwisho, ukisikiliza kama mtambo unapungua nguvu kuelekea mwisho wa kaseti. Jaribu kila kitufe, kila swichi na kila kidhibiti.

Baada ya hapo, mulika hedi kwa tochi ndogo kutoka pembeni. Uso wake unapaswa kuwa laini na wenye mviringo mmoja. Ukiona mtaro uliochimbwa na utepe, pitisha ukucha polepole kutoka juu kwenda chini. Ukucha ukinasa kwenye ukingo, hedi imeliwa kiasi cha kukufanya ufikirie upya. Deki ambayo haizungushi utepe lakini hedi yake ni nzima ni ununuzi bora kuliko deki inayocheza vizuri leo huku hedi yake imekwisha. Mkanda ni wa bei ndogo na hupatikana kwa vipimo, lakini hedi ya mfano fulani huenda isipatikane kabisa. Vivyo hivyo gia za plastiki zilizopasuka, vioo vya mita vilivyovunjika na vitufe vilivyopotea: uliza mapema kama vinaweza kupatikana kwenye mashine nyingine ya mfano uleule.

Hatua ya tatu: andaa meza

Unahitaji bisibisi za nyota na bapa za ukubwa mbalimbali, koleo lenye ncha nyembamba, kibanio kidogo, alkoholi ya isopropili isiyopungua asilimia 90, vijiti vya pamba, vitambaa visivyotoa nyuzi, mafuta mepesi ya mashine, grisi nyeupe isiyodhuru plastiki, dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, multimita, chuma cha kulehemu na kifaa cha kuondolea usumaku kwenye hedi. Tafuta pia kitabu cha ufundi cha mfano wako. Vitabu vingi vya aina hiyo vimewekwa kwenye intaneti, na ndani yake kuna mchoro wa saketi, picha ya sehemu zote zilivyopangana, na thamani za marekebisho. Kama kuna kitu kimoja cha kukipata kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, ni kitabu hicho.

Chomoa waya wa umeme kabla ya kufungua kifuniko, usitosheke na kuzima swichi. Umeme wa nyumbani huendelea kufika kwenye swichi na kwenye transfoma hata mashine inapokuwa imezimwa, na katika deki nyingi nyaya hizo hupita karibu sana na mahali unapoweka mikono. Subiri dakika kadhaa ili kapasita kubwa, yaani vipuri vya saketi vinavyohifadhi umeme, zipoteze chaji. Pale utakapolazimika kuiwasha ikiwa wazi, funika viungo vya umeme mkubwa kwa kitu kisichopitisha umeme, na ufanye kazi kwa mkono mmoja.

Piga picha kila hatua. Panga skrubu kwenye karatasi uliyochora umbo la mashine, kila skrubu mahali pake, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inaweza kutoboa bodi ya saketi.

Hatua ya nne: safisha njia ya utepe

Anza na kazi hii hata kama mashine haizunguki. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi, kisha usugue hedi zote, miongozo ya utepe na kapstani, yaani ule mhimili mwembamba wa chuma unaouvuta utepe kwa mwendo mmoja. Kijiti cha kwanza hutoka na rangi ya kahawia, ambayo ni vumbi la oksidi lililoachwa na kaseti za miaka mingi. Kwenye kapstani uchafu huo huwa umeganda kama pete, na pete hiyo, hata ikiwa nyembamba kiasi cha kutoonekana, huongeza kipenyo cha mhimili na kuharakisha au kuyumbisha utepe. Endelea kubadili vijiti mpaka kimoja kitoke kikiwa cheupe.

Rola ya mpira inayoubana utepe dhidi ya kapstani isafishwe kwa maji yenye sabuni laini kidogo, kisha ikaushwe. Alkoholi ikitumiwa mara kwa mara hukausha mpira. Rola nzuri ni nyeusi isiyong'aa, na ukiibonyeza kwa ukucha hurudi. Inayong'aa kama kioo imekuwa ngumu na itaanza kuupeleka utepe kando hadi iuvutie ndani ya mtambo na kuukunja. Unaweza kuirudishia ukali kwa msasa mlaini sana, ukiizungusha sawasawa, lakini dawa ya kudumu ni rola mpya yenye kipenyo na upana uleule.

Kuondoa usumaku kunafuata. Zima deki, peleka kaseti zote mbali, washa kifaa ukiwa umekishika umbali wa karibu mita moja, kisogeze polepole hadi karibu na hedi bila kugusa, kipitishe taratibu, halafu kirudishe nyuma polepole vilevile kabla ya kukizima. Ukikizima kikiwa karibu na hedi, utaiacha na usumaku mwingi kuliko uliokuwapo.

Hatua ya tano: mikanda, mpira na grisi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo deki nyingi hufufuka. Katika deki za kawaida mkanda mkuu, ambao ni bapa, huunganisha mota na flaiwili, lile gurudumu zito lililoshikana na kapstani. Mikanda mingine myembamba ya mraba huendesha kaunta, kufungua mlango, au kuinua hedi. Hata deki ambazo mota yake huendesha kapstani moja kwa moja, zikiwa na kapstani mbili, mara nyingi bado zina mkanda wa kuiunganisha ya pili.

Mkanda wa zamani hufa kwa njia mbili. Baadhi hulegea tu na kupoteza mvuto. Nyingine huyeyuka na kugeuka kama lami nyeusi inayonata kwenye kila kitu. Ukikutana na hiyo ya pili, vaa glavu, kwangua sehemu kubwa kwa kijiti cha mbao, kisha malizia kwa alkoholi na vijiti vya pamba hadi kwenye mtaro wa ndani kabisa wa puli ya mota. Usiache hata chembe. Tone dogo la lami hiyo likibaki kwenye puli hutengeneza kibonge, na kibonge hicho hugonga mkanda mpya kila mzunguko, nawe utakaa ukitafuta chanzo cha kutetemeka kwa sauti kwenye saketi ambako hakipo.

Kupata kipimo cha mkanda mpya, usiuamini ule wa zamani, kwa kuwa umekwisha kunyooka. Zungusha uzi mwembamba kwenye puli zote kwa njia ileile unayopita mkanda, pima urefu wake, kisha punguza takriban asilimia 5. Upana na unene ufuate wa asili. Mkanda uliokaza kupita kiasi si afadhali: hulemea beringi za mota na kuongeza kuyumba. Kabla ya kuuvisha, ufute kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo, na usiushike kwa vidole vyenye mafuta.

Kwa kuwa flaiwili imeshatoka, malizia kazi yake. Angalia vizuri washa (pete bapa) nyembamba za plastiki kwenye mhimili, ni ngapi na zimekaa upande gani, maana zinaweza kunata kwenye beringi na kuanguka baadaye bila wewe kuona. Futa mhimili na ndani ya beringi, weka tone moja la mafuta mepesi, rudisha flaiwili, izungushe kwa mkono. Inapaswa kuendelea kuzunguka kwa utulivu na kusimama polepole, bila kukwaruza. Baada ya hapo futa tena kwa alkoholi sehemu ya kapstani inayogusa utepe, kwa sababu mafuta yakifika hapo yataharibu rola.

Kisha tazama aidla, yaani gurudumu dogo lenye pete ya mpira linalopeleka nguvu kwenye spindeli mbili za kaseti. Deki inayoanza kucheza halafu ikajizima, au inayosukuma utepe mbele kwa kusuasua, mara nyingi ugonjwa wake uko hapa. Mpira huo ukiwa mgumu na wenye kung'aa, badilisha pete. Safisha pia kingo za plastiki ambazo pete huzigusa. Kama una kaseti ya kupimia nguvu ya kuvuta, deki nyingi huwa nzuri inapoonyesha kati ya gramu-sentimeta 35 na 60 wakati wa kucheza, lakini thamani ya kitabu cha mashine yako ndiyo ya kufuata.

Mwisho kabisa katika hatua hii ni grisi. Grisi ya kiwandani hugeuka nta baada ya miongo kadhaa, na matokeo yake ni vitufe visivyorudi, hedi isiyopanda hadi mwisho, au mota ndogo inayohangaika kusogeza gia. Usiongeze mpya juu ya kuukuu. Ondoa yote kwa alkoholi, kausha, kisha paka kidogo tu kwenye sehemu zinazoteleza. Ukimaliza, chukua kaseti iliyokatwa dirisha mbele, au kioo kidogo, utazame utepe unavyopita: unapaswa kwenda tambarare kati ya miongozo, bila ukingo kukunjika juu wala chini.

Hatua ya sita: swichi na saketi

Sauti inayokwaruza, upande mmoja unaopotea na kurudi, au mlio wa ghafla unapobadili kutoka kurekodi kwenda kucheza, mara nyingi hutokana na kutu nyembamba kwenye swichi ndefu ya kurekodi iliyoko ndani. Puliza dawa kidogo ndani yake, kisha isogeze mbele na nyuma mara nyingi. Fanya hivyo kwa vidhibiti vya sauti na swichi za Dolby pia, ukikinga mikanda na rola zisipate dawa.

Kuhusu kapasita, wapo wanaoshauri zibadilishwe zote kwa mpigo. Sikubaliani nao. Badilisha iliyovimba, inayovuja, au ambayo kipimo kimeonyesha imechoka, ukianza na zile za kisambazo cha umeme, na uzingatie upande chanya na hasi, thamani ileile, na volti isiyo chini ya ya mwanzo. Kila kiungo unachokilehemu bila sababu ni nafasi ya kung'oa njia nyembamba ya shaba kwenye bodi ya zamani, na ukibadilisha vitu 60 kwa siku moja kisha mashine ikakataa, hutajua pa kuanzia.

Hatua ya saba: marekebisho

Sasa, mitambo ikiwa safi na imara, ndipo bisibisi ndogo inaruhusiwa kukaribia skrubu za marekebisho. Iache mashine icheze dakika 20 ipate joto lake. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, chora mstari mwembamba unaoonyesha ilipokuwa, ili uweze kurudi.

Mwendo ndio wa kwanza. Cheza kaseti ya kupimia yenye mlio wa Hz 3,150 au Hz 3,000, unganisha deki na kompyuta, na usome masafa kwa programu ya kupimia. Kwenye mlio wa Hz 3,150, kosa la asilimia 1 ni takriban Hz 31. Rekebisha kwa skrubu iliyo ndani ya tundu nyuma ya mota au kwenye bodi, kwa mzunguko mdogo sana, ukipima katikati ya kaseti badala ya mwanzoni. Programu hiyohiyo inaweza kuonyesha kuyumba kwa mwendo: chini ya asilimia 0.1 ni kuzuri, na deki bora hufika 0.05 au chini yake. Kama kuyumba ni kukubwa, hakuna skrubu ya kukuponya. Rudi hatua ya tano.

Azimathi, yaani pembe ya hedi dhidi ya utepe, ni ya pili. Kwenye masafa ya Hz 10,000 wimbi moja zima huchukua chini ya mikroni 5 za utepe, kwa hiyo mwinamo mdogo sana wa hedi hufuta sauti nyembamba na kuacha muziki uliofunikwa. Anza na mlio wa masafa ya chini kidogo, kwa sababu ukianza na Hz 10,000 unaweza kunasa kwenye kilele cha uongo. Changanya sauti za pande mbili kuwa moja, zungusha skrubu ya pembeni mwa hedi polepole hadi sauti ifike juu kabisa, kisha thibitisha kwa mlio wa Hz 10,000. Mara nyingi robo ya mzunguko ni nyingi mno. Ukiridhika, dondosha tone la rangi ya kucha kwenye skrubu ili isihame. Kwenye deki ya hedi mbili, fahamu kwamba kaseti zilizorekodiwa na mashine hiyo kabla ya marekebisho zitasikika hafifu kidogo, kwa kuwa ziliandikwa kwa pembe ya zamani. Hilo ni la kawaida, na ni sababu nzuri ya kunakili kwanza rekodi zozote za thamani zilizokuja na mashine.

Kiwango cha kusoma hufuata, kwa kaseti ya kupimia yenye mlio wa Hz 400, kama kitabu kinavyoelekeza. Usikipuuze, kwani Dolby hutegemea kiwango hicho ili ifungue kile ilichokifunga. Kikiwa chini, muziki hupoteza uangavu kila unapopungua nguvu.

Kurekodi ni mwisho. Weka aina ya utepe unayokusudia kuitumia daima, rekodi mlio wa mvumo au muziki kwa kiwango cha chini, karibu desibeli 20 chini ya sifuri, na ulinganishe na asili. Bayasi, yaani mkondo wa masafa ya juu unaochanganywa na sauti wakati wa kurekodi, ikiwa ndogo, sauti nyembamba huzidi na ukwaruzo huongezeka; ikiwa kubwa, sauti nyembamba hupungua. Deki yenye kidhibiti cha bayasi mbele hukurahisishia kazi, na kama yako ina hedi tatu utasikia tofauti papo hapo.

Hatua ya nane: kuitumia na kuitunza

Tumia kaseti za dakika 60 au 90. Zile za dakika 120 zina utepe mwembamba sana, takriban mikroni 9, ambao hunyooka na kujizungusha kwenye kapstani. Kaseti iliyokaa miaka mingi ipeleke hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, na uangalie kama kipande kidogo cha sponji nyuma ya utepe bado kimeshika. Kikianguka, hedi haipati mgusano na utasikia sauti inayopotea. Chagua aina ya utepe kwa usahihi kwenye deki isiyotambua yenyewe, kwa kuwa ile ya kawaida husomwa kwa usawazishaji wa sauti (EQ) wa mikrosekunde 120 na zile za kromu na metali kwa 70.

Safisha hedi, kapstani na rola kila baada ya saa 10 hadi 20 za kucheza, na mapema zaidi ukicheza kaseti kuukuu. Iwashe mashine angalau mara moja kwa mwezi. Kwenye deki za vitufe vya kubonyeza kwa nguvu, usikate umeme ikiwa kwenye hali ya kucheza au ya kusimama kwa muda, kwa sababu rola itabaki imebanwa dhidi ya kapstani na kupata bonde litakalosikika kila mzunguko. Ndani ya kifuniko, bandika karatasi yenye vipimo vya mikanda uliyoweka, tarehe, na thamani ulizoacha kwenye kila marekebisho, ili atakayeifungua tena, awe wewe au mtu mwingine, asianze upya.